Katika Kuchagua Ala ya Breki za Nyuma

Mtu mwenye gari lake mwenyewe, akasikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma kila anapokanyaga breki, kisha akavua gurudumu la nyuma na kukuta pedi zimekwisha hata haukubaki ila unene wa milimita mbili, aghalabu hudhani kwamba shughuli iliyo mbele yake ni kununua pedi mpya na kuzitia mahali pa zile kuukuu. Wala hatambui, mpaka pedi mpya zikatae kuingia, kwamba kadhia yenyewe haimo katika pedi bali katika pistoni iliyojitokeza ndani ya kalipa, ambayo ni shurti irudishwe mpaka mwisho wake, na kwamba namna ya kuirudisha si moja kwa magari yote. Hapo ndipo swali la ala linapozuka, na hapo ndipo mafundi wanapohitilafiana. Mmoja atasema klempu ya seremala yatosha. Wa pili ataapa kwamba pasipo seti maalumu iliyomo ndani ya sanduku lake kazi haifanyiki. Wa tatu atachukua spana ya grainda, azungushe, amalize, aende zake. Kila mmoja wao husema kweli kwa gari alilolizoea, na hukosea anapolipeleka neno lake kwa gari la mwenziwe. Ninalodai katika makala haya ni kwamba ala ya breki ya nyuma haichaguliwi kwa bei wala kwa jina la kampuni, bali huamuliwa na mahali ilipofungwa breki ya mkono. Na mwenye kulijua hilo kabla ya kulegeza nati ya kwanza amekwisha kuchagua ala yake, awe na fedha au asiwe nazo.

Uwanja nilioukusudia ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, nao si uwanja uliochukuliwa ovyo. Mahali hapo palikuwa gereza la siasa katika zama za Rais Kamuzu Banda, pakafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 kwa makusudio ya kuwapokea watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, na baada yao Warundi na Wanyarwanda, hata Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya uani. Serikali ya Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilijiwekea masharti yake katika mambo kadha wa kadha, na miongoni mwa hayo ni kazi ya kuajiriwa na uhuru wa kukaa mtu anapotaka. Na mwaka 2021 ikatoa amri kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini, amri iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu mwezi wa Mei 2023. Kwa hiyo fundi aliyejifunza makanika Bukavu, au Uvira, au Bujumbura, ambaye kama si hayo angekuwa na gereji yake Lilongwe, leo hufanya kazi mbele ya nyumba yake, juu ya udongo mwekundu, kwa ala anazoweza kuzibeba mkononi. Na mwenye gari aliye jirani yake, hata akiwa na uwezo wa kulipa gereji ya mjini, huenda asipate wasaa wala ruhusa ya kulifikisha gari huko. Yale ambayo mahali pengine huitwa matengenezo ya nyumbani kwa maana ya burudani ya mwisho wa juma, hapa ni matengenezo ya nyumbani kwa maana ya kwamba nyumbani ndiko yanakowezekana. Uchaguzi wa ala, basi, una uzito usiokuwa nao kwa mtu ambaye, akiharibu kalipa leo, kesho huagiza nyingine ikaletwa mlangoni.

Kabla hatujaingia ndani ya kalipa yatupasa tuliondoe kundi moja kubwa la magari, nalo ndilo lililo kubwa kuliko yote. Barabara za Lilongwe zimejaa magari madogo ya mtumba kutoka Japani, mengi yao yakiwa yameshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa mpaka mpakani Songwe: Toyota Sienta, Vitz na Passo, Mazda Demio, Honda Fit. Magari haya, katika matoleo yanayoonekana sana, hayana pedi nyuma hata kidogo. Yana dramu, na ndani ya dramu mna shuu mbili zinazopanuka. Mtu akimwambia mwenye Passo anunue seti ya kurudishia pistoni za nyuma amemtia hasara bure, kwani anachohitaji ni koleo la kuvutia springi, bisibisi bapa ya kugeuzia lile gurudumu dogo la meno linalopanua shuu, na boliti mbili za unene wa milimita 8. Hizo boliti zina siri inayofaa kuenezwa: dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi, na dramu ikiwa imeshikwa na kutu, boliti hizo zikikazwa humo kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, huisukuma ikatoka yenyewe, pasipo kupigwa nyundo hata ukingo wake ukavunjika. Jambo la kwanza, basi, ni kuchungulia baina ya matundu ya rimu. Ukiona diski inayong'aa na kalipa imeipakata, endelea kusoma. Ukiona kopo la chuma lililofunika kila kitu, ala yako ni hizo nilizozitaja, na makala haya hayana zaidi la kukuambia.

Sasa tuingie ndani. Mguu unapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi ya ndani, na kalipa yenyewe, kwa kuwa hutelezea juu ya pini zake, huvutwa ikailete pedi ya nje upande wa pili wa diski. Mguu ukiondoka, mpira wa mraba ulioizunguka pistoni, uliokuwa umepindika kidogo tu, hurejea umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa kiasi kisichozidi unywele. Pedi mpya huwa na takriban milimita 10 za kitu cha kusugua, na kadiri zinavyolika pistoni husogea mbele na haisogei tena nyuma ila kwa ule unywele. Mafuta kutoka kopo la juu hushuka yakajaza nafasi iliyoachwa. Baada ya miaka miwili au mitatu pistoni imetoka nje mbali, na pedi mpya, nene, haina mahali pa kuingia. Hii ndiyo sababu ya kurudisha pistoni, na kwa magurudumu ya mbele kazi ni nyepesi, kwa kuwa pistoni ya mbele haina shughuli nyingine: mtu huisukuma, nayo hurudi.

Nyuma kuna mgeni, naye ni breki ya mkono. Sheria za nchi nyingi hudai kwamba gari liwe na breki ya pili ya kulizuia lisitembee likiwa limeegeshwa, nayo isitegemee mafuta, kwani mafuta huweza kuvuja usiku kucha. Zamani, breki za nyuma zilipokuwa dramu kila mahali, jambo lilikuwa rahisi: waya ulivuta shuu zilezile. Diski ziliposhika nyuma, wahandisi walilazimika kutafuta makao mapya ya breki ya mkono, wakagawanyika njia mbili, na mgawanyiko huo ndio chanzo cha mabishano yote ya ala.

Njia ya kwanza ni kuficha dramu ndogo katikati ya diski, penye kofia yake, ndani yake mkiwa na shuu za breki ya mkono peke yake, na kuiachia kalipa kazi ya mguu tu. Ndivyo zilivyo Mercedes-Benz C-Class za mwanzo wa karne hii, BMW za mfululizo wa tatu, Subaru Forester za zamani, Nissan X-Trail ya kwanza, na Toyota Mark X. Katika magari haya pistoni ya nyuma ni sawasawa na ya mbele: kikombe kitupu kisicho na alama usoni, ambacho kusukumwa ndiko kunakokifaa. Njia ya pili ni kuitia breki ya mkono ndani ya kalipa yenyewe, hivi kwamba waya huvuta mkono mdogo nyuma ya kalipa, na mkono huo huzungusha kitu ndani kinachoisukuma pistoni ileile. Hizo ndizo kalipa za Volkswagen Golf zenye diski nyuma, za Audi A4 za zamani, za Ford Focus, za Mazda Axela. Humo ndani ya pistoni mna nati iliyoshikana na parafujo, na kila pedi zinapopungua nati hujizungusha kidogo ikasogea mbele pamoja na pistoni, ili mvuto wa breki ya mkono usizidi kurefuka mwezi kwa mwezi. Njia ya kwenda mbele imeachwa wazi, na ya kurudi imefungwa kwa makusudi. Kwani kama ingekuwa wazi, breki ya mkono ingesukuma pistoni nayo ingeteleza nyuma, na gari lingeshuka mlima. Pistoni ya namna hii hairudi ila kwa kuzungushwa.

Tofauti hii inaonekana kwa macho, na kuitazama hakuhitaji fedha. Akiisha kuinua gari na kuvua gurudumu, mtu na atazame nyuma ya kalipa: ikiwa waya wa breki ya mkono unaishia penye mkono mdogo uliofungwa juu ya kalipa, pistoni ni ya kuzungusha, ikiwa waya unaingia nyuma ya bamba la diski na kalipa haina kitu ila mpira wa mafuta peke yake, pistoni ni ya kusukuma. Ithibati ya pili ni uso wa pistoni kalipa ikiisha kufunguliwa: uso wenye vitundu viwili au vinne, au wenye mfereji wa msalaba, umewekwa hivyo ili ala ipate pa kushika, uso mtupu wa kikombe hauombi kuzungushwa. Mtu mwenye ithibati hizo mbili hana haja ya kuuliza.

Kwa pistoni ya kusukuma nasema bila kusita kwamba klempu ya umbo la G, ile ya maseremala, yatosha kabisa, na anayemshauri fukara anunue zaidi ya hiyo hamtakii mema. Namna nzuri ni kuiacha pedi kuukuu ya ndani mahali pake, klempu ikandamize juu ya mgongo wa pedi hiyo, kwa kuwa hivyo nguvu huenea sawa juu ya uso wote wa pistoni isiende upande na kukwama. Na klempu ikazwe polepole, nusu mzunguko, kisha itulie, kisha tena. Wapo wanaotumia bisibisi kubwa kama wenzo baina ya pedi na diski kabla hawajafungua chochote, na pistoni hurudi kweli. Lakini kwa diski itakayoendelea kutumika hilo ni kosa, kwani ncha ya bisibisi huacha mkwaruzo juu ya uso ambao pedi mpya zitasugua siku zote.

Kwa pistoni ya kuzungusha klempu ni adui. Nalikariri jambo hili kwa sababu ndilo linaloharibu kalipa nyingi kuliko uzembe mwingine wowote: mtu huikaza klempu, pistoni haiendi, huikaza zaidi akidhani ni kutu, na mwishowe kitu hulia ndani kwa mlio mfupi mkavu. Kitu hicho ni ule utaratibu wa nati na parafujo uliovunjika. Pistoni sasa yaweza kurudi, pedi zikaingia, gari likatembea na kusimama vizuri kwa mguu, na mwenye gari akaridhika. Ila breki ya mkono haitashika tena, wala haitajirekebisha, na kalipa hiyo haina dawa ila kubadilishwa. Kwa mtu wa Dzaleka kalipa ya Golf si kitu cha kupatikana njia panda. Itabidi itafutwe katika maduka ya spea ya Lilongwe, au kwa wachinjaji wa magari yaliyokufa, kwa bei iliyopandishwa na kila kushuka kwa kwacha, ambayo mwezi wa Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja. Ukiweka gharama hiyo katika mizani pamoja na gharama ya ala yoyote ya kuzungushia, hakuna ala iliyo ghali.

Ala za kuzungushia ziko za daraja kadhaa, na hapa ndipo hukumu inapohitajika. Iliyo chini kabisa ni koleo refu lenye ncha nyembamba, ambalo ncha zake hutiwa katika vitundu viwili vya pistoni na kuzungushwa kwa nguvu ya kiganja. Ndugu yake ni spana ya grainda, yenye pini mbili zilizosimama, ambayo kila mchomeleaji anayo kwa ajili ya kufungulia jiwe la kukatia. Na umbali baina ya pini zake, kwa bahati, hukaribiana na umbali wa vitundu vya pistoni nyingi. Nimemwona fundi hapo Dzaleka akiitumia spana hiyo kwa ustadi uliostahili heshima: amechuchumaa ubavuni mwa gari, kidole gumba cha kushoto kimekandamiza katikati ya spana, mkono wa kulia unazungusha robo kwa robo, na macho yake hayako juu ya spana hata kidogo bali juu ya ule mpira wa vumbi uliozunguka pistoni, na kila mpira unapoanza kujikunja pamoja na pistoni husimama, huupaka tone la mafuta ya breki, huusawazisha kwa ncha ya kidole, ndipo anapoendelea. Kazi ilikuwa safi. Walakini usafi ule ulikuwa wa fundi, haukuwa wa ala. Ala yenyewe haina msukumo, na pistoni ya namna hii hutaka mambo mawili kwa wakati mmoja, kuzungushwa na kusukumwa kidogo, ili nyuzi zishikane. Asiye na kidole gumba cha namna ile atazungusha mpaka jioni na pistoni itazunguka mahali pamoja. Pini zikichomoka huchubua uso wa pistoni, na zikipotea njia huupasua mpira wa vumbi, na mpira uliopasuka, katika nchi ya vumbi kavu kuanzia Mei hata Oktoba na matope kuanzia Novemba, ni mlango uliofunguliwa kwa kutu.

Daraja ya pili ni ule mchemraba mdogo wa chuma, unaouzwa kwa bei ndogo, wenye pini za namna tofauti katika kila uso na tundu la mraba la kuingizia kiungo cha spana ya boksi. Wengi huupenda kwa udogo wake. Mimi siupendi sana, kwa kuwa kasoro yake ni ileile ya spana ya grainda: hauna msukumo wa kwake, na kwa kuwa spana ya boksi huushika kwa mbali, huyumba zaidi. Manufaa yake ni kwamba una nyuso nyingi, na huenda uso mmoja ukalingana barabara na pistoni ambayo spana ya grainda haiitoshi. Kwa gari moja, kwa mtu mmoja mwenye subira, unafaa.

Daraja ya tatu ni seti kamili: parafujo nene yenye mkono, bamba la kuegemea upande wa pili wa kalipa, na vichwa kadhaa vya pini vya kubadilisha. Bamba likiegemea na parafujo ikizungushwa, kichwa huzungusha pistoni na kuisukuma kwa pamoja, na hilo ndilo linalotakiwa. Anayenunua asihesabu vichwa. Seti ya vichwa ishirini inayokosa parafujo ya pili ni duni kuliko seti ya vichwa kumi iliyo nayo, kwa sababu hii: pistoni nyingi hurudi zikizungushwa upande wa akrabu za saa, lakini yapo magari ambayo kalipa ya kushoto na ya kulia hupingana, moja hurudi kwa saa na nyingine kinyume cha saa, na seti yenye parafujo ya upande mmoja haiwezi kusukuma huku inazungusha kinyume. Atakayekuwa na shaka juu ya upande na azungushe robo moja kwa nguvu ndogo, kisha apime kwa jicho. Pistoni ikitoka nje badala ya kuingia, aache mara hiyo hiyo ageuze.

Kuna daraja ya nne ambayo haiuzwi dukani, nayo ndiyo ningependa mafundi wa Dzaleka waifikirie zaidi. Mchomeleaji anayejua kutengeneza fremu za milango anaweza kutengeneza ala ya gari moja kwa vipande vya chakavu: bapa la chuma lililokunjwa likae juu ya taya la nje la kalipa, nati iliyochomelewa katikati ya tundu lake, boliti ndefu ipitayo katika nati hiyo, na mwisho wa boliti kipande cha duara chenye pini mbili zilizopimwa kutoka vitundu vya pistoni yenyewe. Pini zikatwe kutoka boliti ngumu, yenye tarakimu 8.8 kichwani, kwa kuwa chuma laini hupinda. Uzi wa boliti hautalingana na uzi uliomo ndani ya pistoni, kwa hiyo mtumiaji atalazimika mara kwa mara kulegeza na kuanza upya. Ila ala hiyo itafanya yote mawili, kusukuma na kuzungusha, kwa gharama ya fimbo mbili tatu za kuchomelea.

Nimebakisha namna moja ambayo huwachanganya hata wazoefu. Baadhi ya Mazda za zamani zina kalipa ambayo pistoni yake haisukumwi wala haizungushwi usoni, bali nyuma ya kalipa pana boliti ya kufunikia, na ikiondolewa hufichua kitundu cha ufunguo wa pembe sita. Ufunguo wa milimita 4, ukizungushwa humo taratibu, huirudisha pistoni yenyewe. Aliyekuja na sanduku lote la vichwa hatapata kitu, na mwenye ufunguo mdogo wa mfukoni atamaliza kwa muda wa kuchemsha chai.

Ala ikiisha kujulikana, yako mambo machache yanayoizunguka ambayo yakipuuzwa huifanya hata ala bora isifae. Breki ya mkono lazima iwe imelegezwa kabisa kabla ya kugusa kalipa yenye mkono mdogo, maana ikiwa imevutwa pistoni haitarudi kwa ala yoyote. Na kwa kuwa imelegezwa huku magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, gari halina kinacholizuia ila yale ya mbele. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele litashikwa na gia; linaloendeshwa kwa ya nyuma halitashikwa, na kwa hiyo mawe au kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele si hiari. Jeki juu ya udongo hukaa juu ya ubao mpana, na gari huachiwa stendi za chuma, si matofali. Tofali la kuchoma hubeba uzito mpaka dakika lisipoubeba, nalo halipasuki polepole. Katika mambo yote ya makala haya, hili ndilo linaloua mtu.

Pistoni inaporudi, mafuta hupanda katika kopo, na aliyekwisha kuliongeza mafuta pedi zilipokuwa zikilika ataliona linafurika; ayapunguze mapema kwa bomba la sindano, asiyaache yakagusa rangi ya gari kwani huimenya. Mpira wa vumbi na pini za kalipa zipakwe grisi ya silikoni iliyotengenezewa breki. Oili ya injini na grisi ya kawaida hufanya mpira wa breki uvimbe, na mpira uliovimba huishika pistoni ikagoma kurudi mguu unapoondoka, pedi zikaungua kabla ya mwezi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu; lilowanishwe na kufutwa, kwa kuwa pedi za zamani na za bei ndogo huenda zikawa na asbesto.

Kwa pistoni ya kuzungusha kuna jambo la mwisho ambalo hata gereji huzembea. Pedi nyingi za ndani zina kijipini mgongoni, na kijipini hicho hukaa katika mfereji wa uso wa pistoni ili pistoni isizunguke wakati wa kazi. Pistoni ikiachwa na mfereji wake umekaa mshazari, kijipini hupanda juu ya ukingo, pedi husimama upande, na huliwa upande mmoja tu. Kwa hiyo, mwishoni mwa kuzungusha, pistoni hurudishwa nyuma kidogo au kupelekwa mbele kidogo mpaka mfereji ulingane. Kisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, mguu ukanyage breki mara nyingi mpaka ipate ugumu, na baada ya hapo breki ya mkono ivutwe na kuachwa mara kadhaa, nati iliyo ndani ipate kujipanga mahali papya. Nati za magurudumu, kwa Toyota nyingi ndogo, hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya Nm 103; asiye na spana ya kupimia na azikaze kwa mpini wa kawaida wa gari, kwa uzito wa mikono na bila bomba la kurefushia.

Swali la nani awe na ala hii lina jibu ambalo mazingira yenyewe yanalielekeza. Mtu wa Lilongwe mwenye Golf au Audi ana haki ya kununua seti yake na kuiweka butini, kwani ataitumia miaka yote ya gari lile. Katika Dzaleka, ambako gari lenye pistoni ya kuzungusha ni moja katika mengi, kumtaka kila fundi anunue seti nzima ni kumtaka atumbukize mtaji katika kitu kitakachokaa sandukuni miezi sita. Wakongo wanaijua likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu, tangu kwao, na Wamalawi wana vikundi vyao vya kuweka akiba vijijini. Hakuna kinachozuia mafundi watano au sita wakanunua seti moja kwa utaratibu uleule, ikakaa kwa mmoja wao, ikaazimwa kwa ada ndogo inayowekwa ya kununulia kichwa kinachovunjika. Napendekeza sharti moja tu liandikwe juu ya sanduku hilo: anayeazima aje na taarifa ya alichokiona nyuma ya kalipa, mkono mdogo au hapana, uso wenye vitundu au mtupu. Ikiwa hajui, mwenye sanduku asimpe ala, bali afuatane naye mpaka kwenye gari.

Pamebaki kundi moja jipya linaloanza kufika Lilongwe pamoja na mitumba ya miaka ya karibuni, nalo ni magari ambayo breki yake ya mkono ni kitufe. Volkswagen Passat ya 2005 na kuendelea, na Tiguan iliyoifuata, zina mota ndogo ya umeme juu ya kila kalipa ya nyuma, na mota hiyo ndiyo inayozungusha parafujo ya ndani. Hapa ala ya kwanza ni kompyuta ya kupimia gari, iliyo na programu ya kuiamuru mota irudi nyuma. Mota ikiisha kurudi, pistoni husukumwa kwa klempu ileile ya seremala, bila kuzungushwa. Wapo wanaoichomoa soketi ya mota na kuipa umeme wa betri moja kwa moja, na mota huzunguka kweli, ila hakuna kitakachowaambia imefika mwisho isipokuwa mlio wa kuvunjika kwake, na baada ya hapo gari lenyewe haliamini tena mahali mota ilipo na huwasha taa ya onyo. Mwenye gari la namna hii aliye Dzaleka asifungue kitu mpaka amepata kompyuta inayozungumza na gari lake. Kifaa kidogo cha mkononi kinachoweza kuamuru breki ya mkono hutosha, lakini kile cha bei ndogo kinachosoma taa ya injini peke yake hakitoshi. Na kama hana budi kulipeleka gari mjini, aulize kwanza kwa simu, na kwa jina la toleo na mwaka wa gari, kama gereji hiyo inaweza kuirudisha mota au inajua tu kusoma makosa, ili safari ya kwenda Lilongwe, pamoja na ruhusa iliyoombwa kwa ajili yake, iwe ni moja.